Nguchiro Hujibiwa, Mimi Sijibiwi

Nianze na beseni, kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumba hii huanzia hapo. Nilikuwa na mabeseni matatu. Moja la kufulia, moja la vyombo, na moja kubwa la bluu ambalo mume wangu alilitoa ndani bila kuniuliza, akaweka mawe mawili katikati, akalijaza maji na kulitega chini ya mpapai ili ndege waoge. Waoge! Bomba la bafuni kwangu linavuja mwaka wa pili, na mwanamume huyo amekuwa fundi bomba maisha yake yote. Nikimkumbusha ananiambia nipunguze sauti, ndege chozi yuko kwenye ua.

Tangu goti limstaafishe, kazi yake ni kukaa kwenye kigoda baraza ya nyuma akiwatazama wageni wake. Ndivyo anavyowaita, wageni. Kuna chozi wanaonyonya maua kutwa nzima. Kuna ndege minana waliochana majani ya mgomba wangu mpaka yamebaki nyuzi, wakajenga vijiji vizima juu yake na kelele zao za sokoni. Kuna kinyonga mmoja kwenye ua wa mbele ambaye simpiti karibu, nazunguka. Nyanya zangu zinadonolewa kabla hazijaiva. Nikichukua fimbo, mzee ananitazama kama nimemfukuza mkwe.

Lakini adui yangu hasa ni nguchiro. Ana mkia mrefu wenye ncha nyeusi na macho ya mtu anayekujua vizuri. Anakuja saa nne asubuhi, mchana kweupe, anapita chini ya ukuta, anaingia banda la kuku na kutoka na yai. Halafu halili hivihivi. Anasimama mbele ya jiwe, anageuka, analirusha yai kwa nyuma kati ya miguu mpaka lipasuke, ndipo anakula taratibu. Mara ya kwanza nilipoona nilisimama nimeshika ufagio, nimepigwa na butwaa. Mzee wangu kwenye kigoda alikuwa anapiga makofi ya kimyakimya.

Haya yote ningeyavumilia. Kisichovumilika ni simu.

Tuna binti mmoja. Alizaliwa mdogo kiasi cha kutosha kiganjani, tukamwita Kiduchu, na mpaka leo ni Kiduchu ingawa ana miaka ishirini na tisa. Anafanya kazi katika duka la dawa kwenye mji wa mbali, na miezi minane sasa hazungumzi nami. Namwandikia kila siku. "Umeamkaje?" "Umekula?" "Kuna baridi huko?" Zinatokea tiki mbili za bluu, basi. Amesoma, amenyamaza. Lakini baba yake akimtumia video ya nguchiro, tena mbovu, nusu yake ni kidole gumba, jibu linakuja kabla hajaiweka simu mfukoni. "Hahaha! Baba, huyu jamaa ana dharau!" Na maswali juu. Amekula mayai mangapi? Ana mke? Mguu aliokuwa anauburuza umepona? Mnyama mwizi anaulizwa hali ya mguu, mimi niliyemzaa sijibiwi hata "nimekula".

Sababu ninayo, na sitajitia hamnazo. Kiduchu alikuja asubuhi moja na begi, ametoka kwa mumewe. Mzee hakuwepo, alikuwa kwenye kazi yake ya mwisho mwisho. Mimi nilikuwa nimestaafu majuzi tu kutoka masijala, miaka thelathini na moja ya kupokea majalada dirishani. Utaratibu wa masijala ni mmoja. Jalada likija bila barua ya kulisindikiza hulipokei, unalirudisha lilikotoka likafuate njia. Sikuwa mkali, ndiyo kazi ilivyo, na kazi ilikuwa bado haijanitoka mwilini. Nikamuuliza mwanangu palepale barazani, "Mumeo anajua uko hapa?" Akasema hapana. Nikamwambia, "Basi rudi kwanza mkaelewane, halafu mje wote kama watu."

Hakubisha. Alichukua begi lake akaenda, hata maji hakunywa. Hakurudi kwa mumewe, alipanda basi mpaka huko aliko. Wiki mbili baadaye ndipo shangazi yake akaniambia kilichokuwa chini ya mikono mirefu ya gauni alilokuja nalo. Jua lilikuwa linawaka siku ile na mimi sikujiuliza mikono mirefu ni ya nini.

Nilimwandikia kuomba msamaha. Nilifuta, nikaandika tena, nikafuta. Nilichotuma mwishowe kilikuwa, "Umekula?"

Basi goti la mzee likazidi. Daktari akamwambia asitembee hovyo, na nguchiro naye akahamia nyuma ya banda ambako kutoka kwenye kigoda haonekani. Siku tatu hakuna video. Siku ya nne Kiduchu akauliza, "Baba, mgeni wetu amepotea?" Mzee akaninyooshea simu.

"Mama Kiduchu, nenda wewe."

"Mimi? Nikampige picha mwizi wangu mwenyewe?"

"Bonyeza hapo pekundu. Usitikisike."

Nilikwenda nikinung'unika, kwa sababu mimi nikifanya kazi huongea. Masijala nilikuwa naongea na majalada, jikoni naongea na sufuria. Nilichuchumaa nyuma ya banda na magoti yangu yanalia. Nguchiro akaja na yai langu. "Kula, mwizi mkubwa we," nikamwambia. "Kula, uvimbiwe." Niliporudi tuliitazama video pamoja, kimya kabisa. Simu ya mzee ameizima sauti yote tangu ainunue, eti mlio unawashtua wageni. Picha ilikuwa safi, hakuna kidole. Tukaituma.

Jibu lilichelewa kidogo, nikafikiri haikupendeza. Kisha likaja: "Nzuri sana hii. Naomba nyingine kesho."

Hapo ndipo nilipoharibika. Kesho yake nilikwenda bila kutumwa. Keshokutwa vilevile. Nikawa naamka na nguchiro kichwani, saa nne ikikaribia moyo unanienda mbio kama nasubiri mchumba. Siku asipotokea nilikuwa namrekodi yeyote aliyepo, chozi, minana, hata yule kinyonga, nimesimama mbali na mkono umenyooka kwa hofu. Kiduchu anajibu zote. Anamjibu baba yake, najua, lakini ninayesoma wa kwanza ni mimi. Mwisho nikaanza kumwekea yule mwizi yai juu ya jiwe ili asichelewe. Mimi! Kuku wangu nimewalea tangu vifaranga, nami nabeba mayai yao kumpelekea nguchiro kwa mkono wangu. Mzee aliniona nikipita na yai, akaangalia pembeni ili nisimwone anavyocheka.

"Cheka," nikamwambia. "Bomba linavuja, lakini wewe cheka."

Video ya tisa ilikuwa ndefu. Nguchiro alikula akamaliza, kisha akalala kwenye jua papo hapo, hana haraka, tumbo nje. Niliendelea kurekodi kwa sababu sikutaka kuinuka, magoti yalishakufa ganzi. Niliongea naye pia, mambo yangu tu. Nikaituma bila hata kuitazama.

Siku hiyo Kiduchu hakujibu. Tiki za bluu zilitokea, kimya. Jioni kimya. Nikawa roho juu. Nilimuuliza mzee kama amemuudhi mtoto, akasema hajamuudhi mtu. Nikafikiri labda amechoka na nguchiro, na kama amechoka na nguchiro mimi nimekwisha, sina kitu kingine cha kumpa.

Asubuhi nilikuwa nimeshika simu ya mzee kujiandaa kwenda nyuma ya banda. Ujumbe ukaingia mkononi mwangu.

"Baba shikamoo. Naomba usimwambie Mama kwamba anasikika kwenye video. Ataacha kuongea."

Niliusoma nimesimama, nikausoma nimeketi. Kisha nikaanza kutafuta pale pembeni pa simu kile kitufe cha sauti, nikakibonyeza mpaka mwisho, nikafungua video ya kwanza. Sauti yangu ikatoka kubwa, bustani nzima ikasikia: "Kula, mwizi mkubwa we." Minana wakaruka wote. Nikafungua ya pili, ya tatu. Zote mimi. Nalalamika juu ya beseni, nalalamika juu ya bomba, namtukana nguchiro na ukoo wake. Kwenye ya kinyonga napiga ukelele kabisa.

Ya tisa nilitaka kuiruka, nikashindwa. Nguchiro amelala, na sauti yangu taratibu, ya mtu anayeongea na asiyemjibu: "Wewe unaingia hapa kila siku bila hodi. Nani amekuuliza unatoka wapi? Mwanangu alikuja siku moja tu. Sikumwambia hata aketi. Alikuwa ameumia, mimi namuuliza utaratibu. Wewe nakuwekea yai, yeye hata maji sikumpa." Kisha nasikika napenga kamasi. Kisha: "Lala tu, baba. Jua lipo."

Mzee alikuwa barazani kwenye kigoda, anatazama upande mwingine kwa bidii sana.

"Simu hii inarekodi sauti?" nikamuuliza.

"Simu zote zinarekodi sauti, Mama Kiduchu."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Siku zote hizi! Mtoto ananisikia natukana kama mlevi, umekaa tu hapo na goti lako! Mbona hukuniambia?"

"Ungenyamaza," akasema.

Nilitaka kumtupia simu yake. Nilikuwa na hasira, na aibu, na furaha ambayo ilinikera zaidi kuliko hasira, kwa sababu sikujua niiweke wapi. Mwanangu alikuwa amenisikia. Miezi minane nafuta maneno kwenye simu yangu, na kumbe yalikuwa yanafika kwa njia ya mwizi wa mayai. Na hakutaka niache. Hilo ndilo nililolirudia kichwani, hakutaka niache.

Sasa ningefanya nini? Ningeendelea kujifanya sijui, niende nyuma ya banda nikaongee na nguchiro huku nikijua ni nani anayesikiliza? Ningeweza. Ingekuwa rahisi. Ningemwambia nguchiro kila kitu mpaka mwaka uishe, na mwanangu angecheka na baba yake, na mimi na yeye tusingesemeshana kamwe.

Nilikwenda nyuma ya banda. Sikubeba yai. Nikabonyeza pekundu, nikaielekeza simu ukutani, kwenye matofali tu na jiwe lenye maganda. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno tangu nizaliwe, ukakauka. Sekunde zilikuwa zinakwenda, zikawa dakika, zikawa dakika tatu, nasikia kuku, najisikia napumua.

"Kiduchu," nikasema. "Ni mama yako. Najua kwamba unanisikia, usimlaumu baba yako, hajasema, ujumbe wako nimeusoma mwenyewe. Ulikuja kwenu na mimi nikakukosea. Sikukuangalia. Ningekuangalia ningeona. Hukuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote ndipo uje. Nisamehe, mwanangu. Kama huwezi leo, usiweze leo." Nilidhani nimemaliza, lakini mimi ni mimi. "Na unakula? Nimekuuliza miezi minane. Nijibu bwana, nimechoka kuuliza."

Nikaituma kabla sijapata akili ya kuifuta. Dakika nne na sekunde kumi na moja za ukuta.

Nilikaa palepale chini. Tiki za bluu zikatokea upesi. Nikahesabu muda wa video yenyewe, dakika nne na kitu, zikapita. Zikapita nyingine nne. Labda anaitazama tena, nikajiambia, au ameitupa, au yuko dukani na kuna wateja na mimi namliza mbele ya watu. Kisha maandishi yakatokea kwamba anaandika, yakapotea, yakatokea tena. Nilijua kabisa anafanya nini. Anaandika, anafuta. Huo ugonjwa ameurithi kwangu.

Ukaja.

"Mama, hii haina mnyama hata mmoja."

Nilirudi kwenye neno la kwanza. Sikuwa nimeliona likiandikwa na yeye tangu mwaka jana. Nikaandika, "Najua," nikatuma, na yeye akaanza kuandika tena.

"Mama Kiduchu!" Mzee anaita kutoka barazani, ananong'ona kwa nguvu ya watu wawili. "Mama Kiduchu, njoo upesi na simu! Kuna kenge mkubwa anaoga kwenye beseni!"

Nikamwambia kenge asubiri.