Kipa Aliyeondolewa Rangi

AS Radi ya Bunia, mashariki mwa Kongo, ni klabu ya soka la kulipwa. Hilo limeandikwa kwenye ukurasa wetu wa Facebook, na aliyeliandika ni mimi. Asubuhi wachezaji walifanya mazoezi, mchana wakabeba abiria kwa pikipiki, na jioni mimi, Plamedie, niliwageuza kuwa nyota kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nina cheti cha masoko ya kidijitali. Nilikipata kwa wiki sita za video, nami nilizitazama zote, hata ile iliyoeleza jinsi ya kutazama video.

Rais wa klabu, Président Emery, ni muuza saruji na mabati. Kila tangazo langu lilipaswa kuanza na maneno "Chini ya uongozi wa mwona mbali wetu," na kwenye pembe kukaa picha yake ya suti. Tukishinda, picha. Tukifungwa manne, picha, ila ile asiyotabasamu. Sikubisha, kwa sababu alikuwa ameniahidi kazi: mkataba wa kweli, wenye mhuri, nikiitwa responsable digital, yaani msimamizi wa mtandao, iwapo ukurasa ungefikisha wafuasi elfu kumi kabla ya Jumamosi, siku ambayo mjumbe wa kampuni moja ya vinywaji angekuja kuamua kama atatufadhili. Siku ya Jumatatu tulikuwa na elfu moja mia tisa. Nina miaka ishirini na saba, na mkataba wenye mhuri nimeuona mikononi mwa wengine tu. Niliutaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote.

Jumanne, kipa wetu Gaël alitimiza miaka mitano klabuni. Mwalimu wangu wa video alikuwa amefundisha kwamba klabu kubwa za Ulaya humheshimu mchezaji kwa picha nyeusi na nyeupe, jina, miaka na maneno machache. Basi nikamwondoa Gaël rangi. Chini nikaandika: "Gaël. 2020–2025. Asante kwa yote." Pembeni nikamweka Président Emery, na rangi zake zote. Mtu yeyote wa Bunia angeniambia picha ya namna hiyo ni ya nani. Mimi mwenyewe ni mtu wa Bunia, lakini saa ile akili yangu ilikuwa Ulaya.

Kufikia saa sita mchana wafuasi walikuwa elfu nne. Nilicheza peke yangu jikoni. Nilijiona nimezaliwa kwa kazi hii. Kisha nikaanza kusoma maoni: mshumaa, mshumaa, pole kwa familia, mshumaa, Bunia tutazika vijana hadi lini. Mmoja aliandika kwamba alimwona kwenye pikipiki juzi tu, mtu hana siku. Hakuna aliyejiuliza ni kipa gani huyo aliyezaliwa mwaka 2020. Hapa kwetu habari ya kifo haiombwi ushahidi. Tumezika wengi mno.

Nilimpigia Gaël. Simu yake ilikuwa imezimwa, maana alikuwa ameiacha kwa kijana anayechaji simu za mtaa. Nikakimbia hadi dukani kwa Président Emery. Nilimkuta akitazama ukurasa wetu, miwani puani.

"Président, batu wanafikiri Gaël alikufa. Niache nifute ile picha."

"Iko elfu ngapi sasa?"

"Elfu tano na kitu."

Alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Siye hatukusema alikufa. Siye tulisema asante. Kusema asante ni kosa?"

"Président, Gaël iko na mama yake kule Mahagi."

"Saa kumi na moja tutatoa communiqué, tangazo ya kusema iko muzima. Kwanza andika: klabu inashukuru kwa upendo munaotuonyesha. Na weye, mukataba yako iko tayari pale kwa secrétaire. Inangoja tu muhuri."

Ilikuwa saa nane. Ningeweza kufuta kwa kidole kimoja, palepale mlangoni, kati ya mifuko ya saruji. Badala yake niliandika kwamba klabu inashukuru kwa upendo. Nimejaribu kulieleza jambo hili kwa namna nyingi, na kila namna inafika palepale: niliandika.

Mtaani kwa Gaël, majirani hawakungoja communiqué. Walifunga bâche, turubai la matanga, wakaleta viti vya plastiki, kwaya ya parokia ikaanza kupasha sauti. Gaël alirudi kutoka kubeba abiria, akaona shughuli, na kwa kuwa amelelewa vizuri akaingia kusaidia. Alikuwa amebeba viti vinne na kuuliza mara mbili nani amefariki kabla mtu hajamtazama usoni. Mama mmoja alizimia. Kiongozi wa kwaya, kwa hasira, aliuliza kama bado wataimba.

Gaël alikimbia kuchukua simu yake na kumpigia mama yake, Mama Anastasie. Simu ya mama haikupatikana. Saa tisa jirani kule Mahagi alikuwa amemwonyesha mama picha ya mwanawe bila rangi, na saa tisa na nusu alikuwa juu ya pikipiki kuelekea Bunia, kwenye barabara ambayo hata malori huipita kwa kusubiriana, kwa hofu ya wenye bunduki. Alilala njiani, sijui wapi. Saa kumi na moja ilipita bila communiqué. Ukurasa ulikuwa na elfu tisa.

Jumatano alasiri timu ilikuwa uwanjani ikijiandaa kwa ajili ya mjumbe. Pikipiki ikasimama karibu na goli. Akashuka mwanamke mwembamba, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, mkononi mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na soksi mpya, nguo za kumvisha mwanawe. Alikuja kuuliza wamemlaza wapi. Na mwanawe alikuwa golini, glavu mikononi, akipiga kelele kwa mabeki.

Mfuko ulianguka. Alitembea hadi kwake, akamshika uso, masikio, mabega. Akampiga kofi moja zito. Kisha akakaa chini kwenye majani na kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ikishuka na kupanda bila maneno, na Gaël akamkumbatia huku glavu zikimzuia kumshika vizuri.

"Piga film," Président Emery aliniambia sikioni.

Nilikuwa nimeanza kabla hajasema.

Mama Anastasie aliinua macho, akaniona. "Ni weye uliandika?"

"Ndiyo, Mama. Unisamehe."

"Na sasa iko unafanya nini na ile simu?"

Niliishusha. Nilikuwa tayari na dakika mbili na sekunde kumi.

Video ilitazamwa na watu laki nane. Mjumbe wa vinywaji alisaini Jumamosi akiwa bado anafuta macho. Mkataba wangu ulipata mhuri, tena miwili, ila jina lililokuwa juu yake lilikuwa la mpwa wa Président Emery, binti ambaye, nilielezwa, ana simu yenye kamera tatu. Nililia siku nzima, na sitadanganya kwamba nilimlilia Mama Anastasie.

Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu ya video kutoka Kinshasa, na mkurugenzi wa klabu kubwa, nyuma yake kabati limejaa vikombe. Alinionyesha karatasi. Jina langu lilikuwa juu, na mhuri chini.

"Yule mama," alisema kwa Kifaransa kizuri, "mlimpata wapi? Nimefanya kazi na waigizaji wa hapa miaka kumi, hakuna anayelia vile. Nani alimwelekeza?"

Mtandao ulikuwa mzuri siku hiyo. Siwezi kusema sikumsikia.

"Mimi," nikasema.

"Tunazindua msimu mwezi ujao. Ataweza kurudia?"

Nikamwambia nitamuuliza.