Adhana Kwenye Chupa

Siku ya saba tangu ajifungue, Mwanasaumu alivunja arubaini, zile siku za mzazi kukaa ndani. Alijikaza tumbo kwa kitambaa, akatoka Likoni kwenda hospitali alikokuwa bintiye, aliyezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, akatiwa kwenye chupa ya joto ya kulelea watoto njiti, mwepesi kuliko pakiti ya unga. Nyuma yake alifuata mumewe, Mbwana, na nyuma ya Mbwana mamake, Bi Mwanatabu, akinung'unika njia nzima.

"Aliye chupani yungali tumboni," alisema mama mkwe walipofika. "Huyo hajazawa. Wakimtoa, ndipo aadhiniwe sikioni na apewe jina."

Hakuwa na roho mbaya. Alikwisha kuzika wajukuu wawili wenye majina, na jina la tatu hakutaka kulililia.

"Nimemzaa mimi, mama," Mwanasaumu alijibu. Hakuwahi kumjibu hivyo. "Ule uchungu haukuwa wa chupa. Akifa leo, asizikwe kama mimba iliyoharibika. Mwanangu ni mtu."

Mbwana, ambaye kule ferini anakofanya kazi sauti yake husimamisha malori, hapa alisimama yeye. Mwanamume mzima kakwama kati ya kanga mbili! Alimtazama mama, akamtazama mke, kisha akamwendea muuguzi.

"Sista, naweza kumwadhinia?"

Selpher, muuguzi mwenyewe Mkristo, alifungua kidirisha cha chupa. "Nawa mikono kwanza, baba. Na iwe polepole, masikio yake bado machanga."

Mbwana aliinama, akaadhini kwa sauti ya chini. Hakuwa amefika mbali, kimguu kikarusha teke. Alipomaliza, vidole vya kimkono vilikuwa vimekunjuka vyote vitano.

"Ala! Yuwasikia?" Bi Mwanatabu alisogea hadi pua ikagusa kioo.

"Anasikia, mama," alijibu Selpher.

"Jina lake Dhahabu," alisema Mwanasaumu, kifua kimemjaa fahari. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Bi Mwanatabu alitokwa na machozi, akayafuta kwa ncha ya kanga. Kisha akanyoosha kidole kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu ya chupa.

"Hapo pameandikwaje?"

"Mtoto wa Mwanasaumu," alisoma Selpher.

"Futa. Mjukuu wangu ana jina. Andika Dhahabu binti Mbwana. Na herufi ziwe kubwa, mwanangu, hata mimi nisiyejua kusoma nizione."