Soli ya Kushoto

Mashine ya kukata ngozi ilikuwa imekaa juu ya meza ya chakula kama mgeni asiyesema ataondoka lini, na Bi Sindano hakuielewa hata kidogo. Si kwamba alikuwa mshamba wa mashine. Cherehani ya ngozi aliipiga miaka thelathini na mitatu, mpaka majirani wakaacha kumwita jina lake, wakampa hilo la Sindano. Lakini cherehani unaiona inavyofanya kazi. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, uzi unashuka. Hii ya sasa ilipokea amri kutoka kwenye kompyuta, ikauvuta mkeka wake wenye gundi, ikaurudisha, ikauvuta tena, ikinung'unika peke yake. Kisu chake, kidogo kuliko punje ya mchele, kikawa kinatambaa juu ya ngozi bila kushikwa na mtu.

"Nani anaiambia ikate kona pale?" aliuliza.

"Mimi, mama," alijibu Mziwanda, bintiye wa mwisho, aliyeinunua kwa ajili ya pochi na mikoba anayotengeneza hapo nyumbani.

"Wewe si unakunywa chai?"

"Niliiambia kabla ya chai."

Jibu lilikuwa limenyooka, ila halikumwingia Bi Sindano.

Siku hiyo mashine haikuwa ikikata pochi. Ilikuwa inakata viatu vya Bi Sindano mwenyewe, na shughuli hiyo haikuwa ya mchezo. Mumewe, Fundi, ndiye aliyemtengenezea viatu vyote alivyovaa tangu waoane. Alipofariki aliacha kipande kimoja cha ngozi ya kahawia, kimeviringishwa kwenye shuka kuukuu. "Hiki usimpe mtu," alikuwa amemwambia. "Ni cha viatu vyako vijavyo." Kifo hakikumngoja akikate.

Miezi minne iliyopita viatu vya mwisho vya mkono wa Fundi vilipasuka. Bi Sindano akanunua vya dukani, vikamuumiza mguu wa kushoto. Akanunua vingine, vikamuumiza kulekule. Vya tatu aliwapa majirani kabla havijapata vumbi. Akabaki na ndara, na kwa ndara hafiki mbali, maana zinamchomoka miguuni. Akaacha kwenda sokoni, akaacha kwenda kumwona dada yake mtaa wa pili. Moyoni alijua ugonjwa wake: Fundi ameondoka na nguvu za miguu yake. Mwanawe mkubwa naye akapitisha hukumu. Jumapili angekuja kumchukua akaishi kwake, ghorofa ya nne, maana mama asiyeweza kwenda mwenyewe sokoni hawezi kukaa peke yake wakati Mziwanda yuko kwenye mizunguko yake. Bi Sindano hakutaka ghorofa ya nne wala ya kwanza. Alitaka nyumba yake, na kuta zenye misumari ya Fundi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Kisu cha Fundi hakukiweza, mikono ilikuwa inatetemeka. Ndipo Mziwanda akasema mashine haitetemeki. Wakashusha vigezo kutoka kwenye msumari ukutani, vile vipande vya karatasi ngumu ambavyo Fundi alifuatisha kila alipokata. Vya Bi Sindano vilikuwa na alama ya sindano ndogo iliyochorwa kwa kalamu. Mziwanda akavipiga picha, akaviingiza kwenye kompyuta.

Mashine ikanyamaza. Mziwanda akabandua soli mbili za ndani kutoka kwenye mkeka, akazigeuza, akazipanga mezani.

Soli ya kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya kulia.

"Imekosea," alisema Bi Sindano.

"Haiwezi kukosea, mama. Inafuata picha."

"Basi macho yangu ndiyo yamekosea?"

Wakazilaza moja juu ya nyingine. Ya kushoto ilizidi karibu upana wa kidole kidogo. Mziwanda akaanza kukuna kichwa. Labda simu ilikuwa imeinama wakati wa kupiga picha. Labda ni kule kugeuza, maana ngozi hulazwa kifudifudi kwenye mkeka na mchoro lazima ugeuzwe, wa kushoto uwe wa kulia.

"Ngoja," alisema Bi Sindano. "Kushoto kinakuwa kulia?"

"Kwenye mkeka tu. Ukibandua kinarudi kushoto."

"Kinarudi chenyewe?"

"Mama, tafadhali."

Mziwanda akaijaribu mashine kwa mraba wa karatasi. Akaupima kwa rula, pande zote sawasawa. Mwishowe akachukua vigezo vyenyewe, akavilaza juu ya soli. Kila kimoja kikakaa juu ya soli yake, ukingo kwa ukingo. Akashusha pumzi.

"Mashine haina kosa. Kigezo ndicho chenye kosa. Baba alikata cha kushoto kikubwa."

Hapo Bi Sindano alipandwa na hasira. Fundi akosee? Fundi aliyekuwa akifumua buti zima la mtu kwa sababu ya tundu moja la kamba? Alimgombeza Mziwanda, akaigombeza mashine, akaligombeza hata birika la chai. Lakini vigezo vilikuwa pale mezani, na havikubadilika kwa kugombezwa. Polepole hasira ikamshuka, ikaingia huruma, na huruma ikauma zaidi. Miaka ya mwisho Fundi alikuwa haoni vizuri. Alivaa miwani minene, akaishika kazi karibu na pua. Masikini, kumbe alikuwa anakosea, na hakuna aliyemwambia.

"Tumsahihishe," alisema kwa sauti ya chini. "Chukua ya kulia, igeuze, ikate iwe ya kushoto."

Ngozi iliyobaki ilitosha soli hiyo moja na mikanda, basi. Mashine ikanung'unika tena. Soli mpya ikatoka, na safari hii zilifanana kama mapacha. Ile kubwa haikuwa na kazi tena. Mziwanda akaitupia jicho meza, ambayo ilikuwa ikitikisika kila mashine ilipovuta mkeka, akaichomeka soli chini ya mguu mmoja wa meza hiyo. Meza ikatulia.

Siku nzima ya Ijumaa Bi Sindano alishona. Mikono iliyoshindwa kisu haikushindwa sindano. Akapitisha mikanda, akafunga bizimu, akabandika mpira wa chini, akaupogoa kwa mkasi kufuata ukingo. Jumamosi asubuhi gundi ilikuwa imekauka. Akakaa kwenye kiti, akavaa.

Cha kulia kilimkubali mara moja. Cha kushoto kidole gumba kilichungulia nje. Akarudisha mguu nyuma, kidole kikaingia, kisigino kikatoka. Akausogeza mbele, kisigino kikaingia, kidole kikatoka.

"Mziwanda! Mashine yako imekata soli ndogo!"

Mziwanda akaja, akatazama, akachuchumaa. Akazigusanisha nyayo za mama yake, kisigino kwa kisigino.

"Mama," alisema hatimaye, "mguu wako wa kushoto ni mrefu."

"Mrefu kuliko wa nani?"

"Kuliko wa kulia."

Bi Sindano akacheka. Miguu yake! Miguu aliyojivunia tangu usichana! Kisha akainama, akatazama. Sasa nani duniani hukaa akailinganisha miguu yake? Unaiosha, unaipaka mafuta, unaishi nayo. Alitazama mara ya pili, na ya tatu, kama mtu anayehesabu watoto wake akapata mmoja wa ziada. Miguu ilikuwa yake, na hakuijua.

Akaomba aletewe vigezo. Akavipindua mkononi. Karatasi ilikuwa imekuwa nyeusi kwa mafuta ya vidole, kingo zimelainika kama kitambaa. Hii haikuwa kazi ya mzee mwenye miwani minene. Vigezo hivi vilikuwa na umri mkubwa kuliko miwani, kuliko mwanawe mkubwa, kuliko nyumba.

Ndipo akaikumbuka siku ya kwanza. Alikuwa msichana, amefika kwenye benchi la Fundi na viatu vipya vya dukani, ameudhika, akilalamika kwamba cha kushoto kinambana. Fundi alikuwa amempima mguu mmoja, akampima wa pili, akarudia wa kwanza. Alichukua muda mrefu mno, mpaka msichana akadhani kijana ana lake jambo. Kumbe alikuwa nalo, lakini si hilo tu. Kisha msichana akauliza, "Mguu una kasoro?" Na Fundi, bila kuinua uso, akamjibu, "Mguu hauna kosa. Kosa ni la kiatu."

Neno hilo Bi Sindano alilibeba maisha yake yote. Aliwaambia wateja, akawaambia wanawe, akaligeuza methali ya nyumba. Na mwanaume yule miaka yote akakata cha kushoto kikubwa, akatundika vigezo upande wake wa ukuta, akafunga mdomo.

"Mwongo," alisema Bi Sindano. Hakujua kama anacheka au analia, na uso nao haukujua ufanye lipi, ukafanya yote. "Mwongo mkubwa wee! Nami nikamsahihisha!"

Kisha akashtuka. "Ile soli iko wapi?"

Ngozi ilikuwa imekwisha. Mziwanda akaruka kwenye meza, akaiinua upande mmoja kwa bega huku ameikumbatia mashine isianguke, na Bi Sindano akapiga magoti na kuichomoa. Penye kisigino mguu wa meza ulikuwa umeacha alama ya duara. Zaidi ya hapo ilikuwa nzima. Akafumua mikanda ya kiatu cha kushoto, akaanza upya, na wala hakula mchana.

Jumapili mwanawe mkubwa alifika na gari la kuazima la kubebea mizigo. Mlango ulikuwa wazi, Mziwanda yuko mezani, mama hayupo. Alipogeuka kuuliza akamwona anakuja kutoka mwisho wa mtaa, kikapu cha soko mkononi, anatembea kwa mwendo wake wa zamani, ule wa kuwahi jambo.

"Mama! Miguu imepona? Ilikuwa na nini?"

Bi Sindano akatua kikapu kizingitini. Mziwanda akafungua kinywa kueleza. Mama yake akamtazama, akamtazama hasa, na binti akakifunga.

"Mguu haukuwa na kosa," alisema Bi Sindano. "Kosa lilikuwa la kiatu."