Wakfu wa Chumba cha Kompyuta

Programu ya hisabati ya kununuliwa ilikuwa imegoma tangu leseni ilipokwisha. Ukiiandikia mlinganyo, inakujibu neno moja: lipa. Wasichana wa kidato cha nne wa Bi Swafiya walikuwa na mtihani mbele yao, nao walishazoea kuona herufi zikihamishwa hatua kwa hatua mpaka jibu likatoka. Ndipo Swafiya akapakua programu nyingine, ya bure, akaipeleka kwa wakubwa wa shule kuiombea idhini.

"Ya bure?" Mwalimu mkuu, Bwana Wanyama, alilitamka neno hilo kama mtu anayenusa samaki wa juzi. "Ikiharibika, Bi Swafiya, nimpigie nani simu?"

"Hao wa kulipwa ulikuwa ukiwapigia, Bwana, wakakuwekea muziki."

Mwenyekiti wa bodi, Bwana Idarus, mwenye nusu ya nyumba za mtaa wa Mkomani, akasogeza kiti. "Mimi nitaijaribu kwa mirathi. Mtu kafa. Mjane, thumuni, moja ya nane. Mabinti wawili, thuluthi mbili. Mama sudusi, moja ya sita, na baba sudusi. Jumlisha."

Swafiya akaandika. Kompyuta ikatoa tisa juu ya nane, sehemu safi, bila nukta wala mkia wa tarakimu.

Wanyama alicheka mpaka miwani ikamshuka. "Si nilisema! Imegawa kuliko alichoacha marehemu!"

"Nyamaa, Bwana." Macho ya Idarus yalikuwa yakimeremeta. "Hiyo ndiyo ndia yake, ndivyo sharia isemavyo. Hapo hisa huzidi mali, kisha kila mrithi hupunguziwa kidogo. Jambo hilo tumelisoma chuoni, kwenye Kurani, tukiwa wadogo. Hii mashine imesoma!"

Swafiya akaona mwanya. "Na walioiandika wameitoa iwe ya watu wote. Kama wakfu."

Neno hilo likapitisha programu pale pale, naye akajipongeza nalo jioni nzima.

Asubuhi alikuta kufuli jipya, limefunguliwa, likining'inia kwenye mlango wa chumba cha kompyuta. Wakfu hauwi bila msimamizi, na Idarus alikuwa amejiteua. Dirishani Swafiya aliona ndugu watatu wanaogombania nyumba ya baba yao, wameikodolea skrini kana kwamba itawatolea hati. Wasichana wake walikuwa barazani, madaftari mapajani.

"Subiri, mwanangu," Idarus akaita kutoka ndani. "Tuanze na wenye dhiki."

Swafiya alifungua kompyuta yake mwenyewe pale barazani, akachomeka flashi yenye ile programu, na punde wasichana wakawa wamemzonga, wakibishana juu ya mabano.

Idarus akatoka mbio, kiatu mguu mmoja, akilichomoa kufuli mlangoni. "Umeing'oa? Wakfu hauondoshwi mahali pake!"

"Haukuondoka, Bwana. Umo ndani, uko hapa, na Nadra huyu, mwanafunzi wangu, anao kwenye simu."

Idarus akaitazama baraza. Akaitazama simu ya Nadra, kisha kufuli lililomning'inia mkononi, na uso wake ukawa wa mtu aliyeongezewa kazi.

"Haya," akasema hatimaye, "na ufunguo wa hiyo simu anao nani?"