Nafasi ya Kujibu

Nilivifunga vidirisha vyote vilivyosongamana pembeni mwa skrini, nikabaki na mstatili mweupe katikati, safi kama meza ya kukatia nguo kabla ya kazi. Binti yangu aliporudi na chai, alishika kiuno.

"Mama! Zana zimekwenda wapi?"

"Nimefagia. Siwezi kufanya kazi kwenye fujo."

"Hiyo fujo ndiyo mkasi na sindano zako."

Akazirudisha moja moja, nami nikamwachia, jambo ambalo si desturi yangu. Sikuwa na muda wa kubishana. Wiki iliyofuata daktari angenipasua koo, kisha nikae bila kusema. Kama sauti ingerudi, na ingerudi vipi, hakuahidi. Nafundisha ushonaji chuoni. Wanafunzi wangu walikuwa wamefika kwenye kutia mikono ya nguo, mahali ambapo wengi hukata tamaa, na mwalimu wa kushika nafasi yangu hakuwepo. Somo lilipaswa kubaki ndani ya kompyuta, kwa sauti yangu, kabla sijaenda.

Binti yangu hutengeneza matangazo kwa programu hiyo ya kuunganisha video. Alinifundisha kama nilivyomfundisha yeye kushika sindano: kwa ufupi, bila kubembeleza. Mstatili mweupe ni jukwaa; kinachowekwa nje yake mtazamaji hakioni. Kulia ni ghala la picha na sauti. Chini kuna mstari wa muda, nao una matabaka, picha juu, sauti chini yake.

"Kitambaa na bitana," nikasema.

"Umeanza kuelewa. Sasa shika kipanya vizuri, haking'ati."

"Heshima, wewe!"

"Heshima nimeiacha jikoni. Bofya."

Nikabofya. Siku zilizofuata niliweka picha za vidole vyangu vikibana pini, nikarekodi maelezo na maswali ya darasani, nikapanga. Jambo moja lilinikera: kwenye mstari wa muda, kila baada ya swali, palikuwa na pengo tupu. Mimi sipotezi kitambaa. Niliyakata mapengo yote, nikasukuma vipande vikabanana, nikamwita aje aone kazi safi.

Alisikiliza hadi mwisho, uso umekunjamana.

"Huyu si wewe."

"Ni sauti ya nani basi, ya jirani?"

"Wewe ukiuliza, unangoja. Unamkazia mtu macho mpaka ajibu. Hapa unauliza na kujijibu mwenyewe kama mpiga mnada."

Maisha yangu yote nimejijua kuwa mtu wa kusema. Chuoni huniita Cherehani, na si kwa sababu ya kushona tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nangoja. Yeye alikua upande wa pili wa kungoja huko, mezani, juu ya hesabu na viraka, nami nikidhani anasikia makaripio tu.

Akayarudisha mapengo, akiyapima kwa sikio, midomo ikitamka maswali yangu polepole. Nilimtazama. Nyumbani kwetu shukrani ilikuwa sahani iliyooshwa bila mtu kuambiwa. Siku ya kwenda hospitali, mlangoni, nikiwa bado na sauti, nilimwambia, "Asante, mwanangu."

"Mama, usinitishe," akasema, akanyakua begi langu na kutangulia.

Niliporudi darasani, shingo imefungwa bendeji na koo limekatazwa hata kunong'ona, nilisimama nyuma. Ukutani, ndani ya video, vidole vyangu vilizungusha mkono wa gauni kwenye tundu la bega. Sauti yangu, ile ya zamani, ikauliza: "Kwa nini mkono hukatwa mpana kuliko tundu lake?"

Pengo likafunguka. Viti vikalalamika. Macho yangu hayakuwa na wa kumkazia. Mbele yangu ilikuwa migongo tu. Hatimaye msichana mmoja, ambaye alikuwa hajawahi kufungua mdomo darasani kwangu, akasema, "Fundi amekosea kupima?"

"Hapana," sauti yangu ikamjibu kutoka ukutani. "Fikiri tena."

Jibu la kwanza kwa swali hilo huwa kosa, mwaka nenda mwaka rudi. Ndiyo maana nilirekodi hiyo "Hapana" mapema. Lakini wao hawakujua. Darasa zima lilipasuka kwa kicheko, nami nikacheka kwa mabega tu.

Kisha pengo jingine likafunguka, refu. Yule msichana aliinua mkono wake juu ya kichwa, akaupeleka mbele, akaurudisha nyuma, akilitazama bega lake likitafuta nafasi ndani ya nguo.