Maneno Mawili ya Khatib

Kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani kwa Jagjit, mtu mwenye manyoya kichwani aliinua mkuki mbele ya Mzungu mwenye bunduki, akageuka kidogo upande, akafumbua mdomo. Sauti hakuna. Yakaja maandishi ya Kiingereza: Leo utakufa.

"Baba yako mkali kuliko msimamizi wetu," Jagjit akamtania Roselyne.

Roselyne hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Mwaka ule wa 1971 sote watatu tulifanya kazi kiwanda kimoja, Nechells, huku kwa Waingereza, kwenye mashine za kubana chuma. Kelele zake ndizo zilizonifundisha kusoma midomo. Kwetu Unguja niliishia darasa la sita, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini kutazama najua.

Khatib, baba yake Roselyne, naye alitoka Unguja, mchochea makaa melini. Miaka mitatu aliigiza filamu bubu. Zilikuwa tano, na katika zote tano aliuawa na Mzungu. Halafu kifua kikamuua kweli, ana miaka ishirini na minane. Mama yake Roselyne alimpeleka mtoto siku ya kupigwa filamu ile ya mwisho, wiki tatu tangu azaliwe, akasimama naye kando ya kamera. Miaka yote alimwambia binti yake kwamba Khatib hakumkubali. Siku ile alipayuka tu kwa lugha yake, basi.

Roselyne aliishi na hilo miaka arubaini na saba, mpaka alipoupata mkanda wa filamu hiyo kwa muuza vikuukuu.

Nilimwomba Jagjit aurudishe. Mara ya pili nikaona "yako". Mara ya tatu nikaliona neno lililotangulia, midomo ikifungika, ikifunguka, ikifungika tena. Nikainamia kikombe changu.

"Ma" na "ba" mdomoni ni kitu kimoja. Asiyesikia hawezi kuzitenga. Kama alisema "baba yako", alikuwa anajitambulisha kwa mwanawe. Kama alisema "mama yako", alikuwa anamtukana yule Mzungu mwenye bunduki, akijua pale hakuna wa kumwelewa. Na mabaharia wetu nawajua.

"Mize," Roselyne akasema. "Usinionee huruma. Amesema nini?"

Macho ya Khatib hayakuwa kwenye bunduki. Lakini mwigizaji naye huambiwa atazame wapi.

"Baba yako," nikamjibu. "Yaani, mimi ndiye baba yako."

Aliyarudia maneno yale polepole, akikosea, nikimsahihisha. Kisha akaniuliza, kwetu mtoto wa kike akiitwa na baba yake huitika vipi. Nikamwambia.

Jagjit aliurudisha mkanda bila kuombwa. Khatib akageuka upande, akafumbua mdomo. Safari hii sikumtazama. Nilimtazama Roselyne, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, akiweka kikombe chini na kukaa wima.

"Abee," akasema.