Sahani Kumi na Moja za Nyamvula

Mwanarusi alipangusa vumbi la chaki kwenye meza yangu inayoyumba, akaweka karatasi zake, nikajua amekuja kugombana kwa adabu.

Ilikuwa Desemba ya 1997, Likoni, katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Humo nilikuwa nimefundisha lugha moja tu ya kompyuta, C, kwa miaka saba. Macho yangu yalikuwa yamechoka, na darasa nilitaka alirithi yeye, mwanafunzi wangu bora. Lakini alikuwa na barua ya kazi ya Nairobi, na sharti la kubaki lilikuwa moja: achague mwenyewe lugha za kufundisha.

"Hawa ni watoto wa C, mwalimu. Wasiojulikana sana," akasema, akinionyesha majina ya lugha tatu.

Niliwakagua kama mtu anayeletewa wachumba wa bintiye. Objective-C alijaa mabano ya mraba. Pike ukoo wake ulitoka kwenye michezo ya kompyuta. Limbo hata ndevu hajaota.

"Kwa C, ukiazima nafasi ndani ya kompyuta, ni wewe wa kuirudisha," akasema. "Ukisahau, yajaa hadi inakwama. Objective-C huhesabu ni wangapi bado wameishika. Wa mwisho akiiachia, yarudi. Pike na Limbo hupita wenyewe wakakusanya zilizosahauliwa."

"Lugha za kulea wavivu hizo. Aliyeazima na arudishe."

Alikwenda jikoni kututilia chai. Nilisikia kabati likifunguliwa, kisha sahani zikigongana moja baada ya nyingine. Aliporudi alikuwa amebeba sahani, kila moja na alama ya rangi nyekundu chini yake, alama ya jirani yangu Nyamvula.

"Mwalimu, hizi ni kumi na moja."

Tangu mke wangu afariki, Nyamvula huniletea chakula kila Ijumaa. Sahani ya mtu hairudishwi tupu, nami hata muhogo sijui kuuchemsha. Basi niliziosha, nikazificha, na kila iliyoongezeka iliniongezea haya. Nilimweleza yote hayo nikiangalia sakafu.

Hakucheka. "Si uvivu, mwalimu," akasema taratibu. "Kuna wanaohitaji mtu wa kuwapitia, basi."

Nilivua ufunguo wa darasa shingoni, nikauweka juu ya karatasi zake. Kisha nikachukua sahani, nikapitia kwa muuza mahamri ili nisizirudishe tupu, nikabisha hodi kwa Nyamvula.

Alizipokea, akazihesabu kwa macho.

"Nilikuwa nimebakiwa na moja," akasema. "Nilikuwa nikijiuliza, Ijumaa ya baadaye nitakuletea kwa sahani ipi."

"Ningekuja kula hapa," nikasema, na mimi mwenyewe nikashangaa.

"Haya, njoo."

Niliporudi, Mwanarusi alikuwa ameshaondoka na ufunguo. Ubaoni alikuwa ameandika C juu, na chini yake wanawe watatu. Niliegemea meza kuwasoma vizuri, nayo haikuyumba. Niliinama kutazama: chini ya mguu mfupi kulikuwa na barua ya Nairobi, imekunjwa mara nne.